Muhuri wa Kitakoni Si Cheti cha Kuzaliwa

Mtu akipewa sahani ya Kichina ya buluu na nyeupe, huipindua mara moja asome herufi za kitakoni. Wauzaji wanalijua hilo. Ukiziona herufi sita za enzi ya Xuande, mfalme wa China ambaye enzi yake ilihesabiwa kuanzia 1426 hadi 1435, usifikiri umeshika kauri ya miaka mia sita. Wafinyanzi wa Jingdezhen, katika jimbo la Jiangxi, walizoea kuandika majina ya wafalme waliokwisha kufa, mara nyingi kwa kuienzi kazi ya wazee wao. Mwaka 1677 mkuu wa mji aliwakataza kuandika jina la Kangxi, mfalme wa wakati huo, kwenye vyombo vyao. Basi wakaandika Xuande au Chenghua, mfalme mwingine wa zamani, au wakachora jani, au duara mbili zisizo na neno ndani.

Ushahidi mzito umo katika buluu yenyewe. Hiyo ni kobalti iliyosagwa, ikachorwa kwa brashi juu ya udongo usiochomwa bado, ikafunikwa kwa utando wa kioo na kuingizwa katika tanuri lenye joto la karibu nyuzi 1,300. Rangi chache sana huuhimili moto huo. Katika karne ya 14 na mwanzoni mwa karne ya 15, kobalti bora ilitoka Uajemi, nayo ilikuwa na chuma kingi na manganizi kidogo. Pale brashi ilipoacha rangi nzito, chuma kilipanda hadi juu ya utando na kufanya madoa meusi yaliyozama kidogo; pitisha kidole, utayahisi. Kobalti ya China yenyewe ina manganizi nyingi, na isiposafishwa vizuri huelekea kijivu. Siku hizi maabara hupima uwiano wa madini hayo mawili kwa eksirei bila kukwangua chombo.

Madoa yale, ambayo kwa mfinyanzi wa kwanza yalikuwa dosari ya tanuri, yalikuja kupendwa mno. Wafinyanzi wa karne ya 18 wakayaiga kwa kudonoa nukta nzito za brashi, moja baada ya nyingine. Tazama mpangilio wa madoa: ya asili hutokea ovyo mahali rangi ilipojaa, ya kuigwa yamepangwa kwa mkono.

Kisha kagua pete ya kitako, isiyo na utando. Vyombo vingi vya biashara vya enzi ya Wanli, 1573 hadi 1620, vina mchanga wa tanuri ulioganda hapo. Na ukikuta neno "China" kwa herufi za Kilatini, chombo hicho kwa kawaida hakitangulii 1891, sheria ya forodha ya Marekani ilipoanza kudai bidhaa zitaje nchi zilikotoka.

Lakini hakuna kipimo kinachoshinda kujua chombo kilipatikana wapi. Kauri zilizotolewa katika jahazi la Kireno Santo António de Tanná, lililozama mbele ya Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1697, haziwezi kuwa changa kuliko mwaka huo. Ndiyo maana makaburi ya nguzo ya pwani yetu ya Afrika Mashariki yananiuma. Kunduchi, Kaole, Mambrui: bakuli zilipachikwa kwenye chokaa kwa heshima ya marehemu, na leo nyingi zimebanduliwa, yamebaki matundu. Aliyebandua alipata bakuli moja ya kuuza, akafuta ushahidi wa mwaka wa kaburi zima. Hilo ni wizi wa historia, na tumelinyamazia mno.



Ukikuta kigae cha buluu kwenye magofu, usikiokote. Kipige picha kikiwa palepale kilipolala, kisha uwaarifu watu wa makumbusho au idara ya mambo ya kale iliyo karibu nawe.