Niliuza 'Mwalimu' Jumamosi, safari ikafutwa Alhamisi

WAPO watakaosema mtu mzima halilii gari. Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo, mpaka asubuhi ya Jumamosi, Januari 18, 2025, niliposimama kando ya barabara ya Kabale pale Ruti, Mbarara, mkononi nikiwa na bahasha ya noti na machoni nikiwa na maji niliyoyasingizia vumbi.

Gari lenyewe si la kujivunia mbele za watu. Ni Toyota Corolla ya mwaka 1994, aina ambayo Waganda wameibatiza 'Kikumi' kwa sababu ya namba ya muundo wake, AE100. Ni jeupe, ila mlango wa nyuma wa kushoto ulitoka kwenye gari jingine lililokufa na rangi yake ni ya maziwa yaliyochacha. Redio ilikuwa ikishika stesheni moja tu. Kwenye mlima ilitaka kunyweshwa maji, kwa hiyo dumu la lita tano halikutoka kwenye buti miaka yote kumi niliyokuwa nalo. Na huo mlango wa nyuma ulikuwa na ujuzi wake: lazima uuinue kwanza, ndipo uvute. Asiyejua alibaki ndani akipiga kioo.

Abiria waliliita 'Mwalimu'. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu, huko Bukavu, kabla ya mapigano ya Juni 2004 kunitoa nyumbani. Lakini jina likahama kutoka kwangu likaingia kwenye gari. Pale kituoni ungesikia watu wakiulizana, "Mwalimu ameshaondoka?" nami nimesimama mbele yao nakunywa chai.

Kwa msomaji ambaye hajafika huko, Ruti ni kitongoji cha Mbarara ukishavuka Mto Rwizi, upande wa kwenda Kabale na mpaka wa Katuna. Malori ya Rwanda yanapita hapo usiku na mchana, na pembeni yake kuna gereji, maduka ya spea, vibanda vya chapati na madalali wa kila kitu chenye magurudumu. Nakivale iko wilaya ya Isingiro. Unakwenda kwa lami kupitia Kaberebere mpaka Kabingo, migomba kulia na kushoto, halafu unaiacha lami na kuanza kula vumbi mpaka Base Camp. Mvua ikinyesha, hulili vumbi tena, bali unasukuma.

Serikali ya Uganda haipaiti kambi, inapaita makazi, na tofauti hiyo si ya maneno tu. Mkimbizi hupewa kipande cha ardhi alime, na sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu kufanya kazi, kutembea na kumiliki mali inayohamishika. Palianzishwa mwaka 1958, pakatambuliwa rasmi 1960, yaani pana umri kuliko uhuru wa Uganda wenyewe. Leo wako Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Kiswahili ndicho kinachotusaidia wengi kununuliana nyanya na kutukanana.

Nilianza kama kondakta wa gari la mtu. Kisha nikawa dereva wa mtu. Mke wangu alikuwa na cherehani, akishona sare za shule, na shilingi moja moja tukaiweka mpaka mwaka 2014 tukafikisha milioni nane na nusu. Siku kitabu cha gari kilipotoka na jina langu, nilikisoma mara nne. Tangu niondoke Bukavu kila karatasi yenye jina langu ilikuwa imeandika nilichopoteza au nilichoruhusiwa. Hii ya kwanza iliandika nilicho nacho.

Miaka iliyofuata siwezi kuisimulia yote, na mingi ilifanana. Kwenda asubuhi, kurudi jioni. Gari lililoundwa kwa watu watano lilibeba tisa, mmoja akigawana kiti na mimi huku gia ikimpita kati ya magoti. Najua ni kosa, na askari wa barabarani wamenieleza hivyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nilibeba mahindi, kuku, magodoro, mwili wa mzee mmoja wa Kirundi ambaye wanawe hawakuwa na fedha za gari kubwa. Nilibeba maharusi wa Kisomali waliokataa kabisa abiria wengine, wakalipa viti vyote tisa.

Lakini usiku mmoja wa mwaka 2017 sitausahau. Saa nane, mtu akagonga dirisha: mkewe ana uchungu tangu jana na mkunga amesema apelekwe hospitali kuu ya Mbarara. Tulipokaribia Kaberebere nikasikia yule mama mkwe aliyekuwa nyuma akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, simama sasa." Nikasimama. Nikashuka, nikawasha taa za gari, nikageuka kutazama migomba. Mtoto alizaliwa kwenye kiti cha nyuma. Mlango ule wa kuinuliwa uligoma kufunguka kutoka ndani na mimi ndiye niliyeufungua. Jina lake la ubatizo silitaji hapa, ila wenzake shuleni wanamwita Kikumi, na haoni ubaya wowote.

Wakati huo huo jalada letu la kwenda Marekani lilikuwa likitembea. Lilianza mwaka 2016 kwa mahojiano ya kwanza. Wasiojua hudhani ni bahati nasibu, unachaguliwa unapanda ndege. Ni maswali yale yale yanayoulizwa na watu tofauti, alama za vidole, vipimo vya kifua, kusubiri, vipimo vya kifua tena kwa sababu vile vya kwanza vimeisha muda. Hata nauli ya ndege si zawadi, ni mkopo usio na riba unaoanza kuulipa miezi michache baada ya kufika kule. Sisi tulikubali yote hayo. Desemba 2024 simu ikalia: tutaondoka Entebbe Februari 5.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba msafiri hana bei. Habari ikishavuja kwamba fulani ana ndege, godoro lake linashuka thamani kabla hajalitoa nje. Cherehani tuliiuza nusu ya bei. Mbuzi wawili, hivyo hivyo. Kiwanja cha Nakivale tulikirudisha, maana hakikuwa chetu cha kuuza, tukahamia chumba cha kupanga Ruti kungoja siku.

Gari tu ndilo lililokataa kushuka sana. Sababu ni sheria ya mwaka 2018 iliyopiga marufuku kuingiza Uganda magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kuundwa. Kikumi zilizomo nchini ndizo hizo hizo, hazitakuja nyingine, na kila moja inayokufa inazilisha zilizobaki milango, taa na gia. Dalali mmoja alinipa milioni sita na laki mbili, taslimu, siku hiyo hiyo. Nikamuuliza anapeleka wapi. Akacheka. "Mzee, hii naifungua. Injini pekee ina mtu tayari."

Mnunuzi wa pili alikuwa kijana wa Kinyankole aliyekuwa akiniosheshea gari pale Ruti tangu akiwa na kaptula ya shule. Alikuwa na milioni tano za mkopo wa chama cha akiba, na laki nane aliahidi kuzileta baada ya wiki mbili. Yaani bei ndogo, na sehemu yake ni maneno. Mke wangu akaniangalia. "Baba watoto, tunakwenda mahali tusipojua hata bei ya chumvi, na wewe unachagua fedha pungufu?"

Sikuwa na jibu la hesabu. Nilimwambia siwezi kupanda ndege nikijua wanalifungua. Alinyamaza, na mwanamke akinyamaza hivyo, msomaji mwenye mke anajua, si kwamba amekubali.

Jumamosi hiyo niliamka alfajiri nikaliosha mwenyewe. Chini ya viti nikakuta sarafu, kifuniko cha chupa ya chai, tasbihi iliyokatika, kiatu kimoja cha mtoto na tikiti ya kanisa ya harambee ya mwaka 2019. Nikavitia vyote kwenye mfuko wa nailoni, ingawa sikujua ni vya kumpelekea nani. Tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili. Kijana akahesabu fedha, nikahesabu, tukarudia. Kisha nikamfundisha: maji kabla ya kila mlima, gia ya pili usiilazimishe asubuhi, mlango uinue kwanza.

"Najua, ssebo," akasema. "Nimeuosha miaka minane."

Akataka kunifikisha nyumbani. Nikakataa, nikatembea. Nilipofika mlangoni nikajikuta napapasa mfuko natafuta funguo za gari ili nizitundike kwenye msumari wake.

Jumatatu, Januari 20, kule Washington ikatiwa sahihi amri ya kusitisha mpango wa kupokea wakimbizi. Sisi tuliisikia redioni tukadhani inawahusu wale wasio na tarehe. Alhamisi simu ikalia tena. Sauti ilikuwa ya upole. Safari yenu imefutwa. Mpaka lini? Haijulikani. Mke wangu alikuwa amekaa juu ya sanduku, kwa sababu viti tulikuwa tumeviuza.

Jumatatu iliyofuata, Januari 27, Goma ikaanguka mikononi mwa M23. Katikati ya Februari ikafuata Bukavu yangu. Kwa hiyo ndani ya mwezi mmoja mbele pakafungwa na nyuma pakawaka, nasi tuko Ruti kwenye chumba kimoja, watoto wanne, masanduku matatu yaliyofungwa kwa kamba na uzito umeshapimwa.

Fedha za gari ziliondoka kama fedha zinavyoondoka. Kodi ya nyumba, ada ya shule tuliyokuwa tumesema hatutailipa tena, majaketi ya baridi ya watoto ambayo Mbarara nzima hakuna wa kuyanunua kutoka kwako. Kijana, namsifu kwa hilo, alileta laki nane zake siku ile ile aliyoahidi. Na kila asubuhi saa kumi na mbili nilisikia Mwalimu likipita barabarani. Nasema nilisikia kwa sababu sikuhitaji kuchungulia. Dereva wa miaka kumi anajua kikohozi cha gari lake kama cha mtoto wake.

Machi nikajikaza nikamfuata. Nilikuwa nimebakiwa na milioni tatu na nusu. Nikamwambia nipe gari, chukua hizi, nyingine nitakulipa kidogo kidogo. Naandika haya kwa aibu, kwa sababu nilimwambia kwa sauti ya mtu anayedai haki yake.

Alifuta mikono kwa kitambaa, hakukasirika. "Mzee, ukinirudishia hizo, mkopo wa chama nitaulipa na nini? Nina mtoto sasa. Wewe ndiye uliyeniuzia mimi ukamwacha dalali. Ulinipa kazi. Sasa unataka niirudishe?"

Alikuwa sahihi. Nilitamani awe mjeuri kidogo ili nipate cha kusema.

Nilipogeuka kuondoka akaniita. Akasema Jumanne na Jumamosi yeye humsaidia mama yake shambani na gari hulala. Kama nataka, niwe deiwaka wake siku hizo mbili. Nilete hesabu jioni, kinachozidi changu. Nikamwambia nitafikiri, maana yake nilikuwa nimekataa. Kuwa deiwaka kwenye gari langu, nimpelekee hesabu kijana aliyekuwa akiniosheshea tairi! Nilimsimulia mke wangu nikitegemea anionee huruma. Akaniuliza swali moja: "Jumanne ni kesho au kesho kutwa?"

Ilikuwa kesho.

Saa kumi na moja na nusu nilikuwa Ruti. Alinipa funguo. Amenunua kicheza muziki kipya, na usukani ameuvisha gamba jekundu ambalo mimi nisingelichagua. Dumu la maji lipo mahali pake. Base Camp nilifika abiria wakanipokea kama mtu aliyefufuka, wengine wakiuliza Marekani kukoje, nikawaambia ni karibu sana, ni saa mbili kutoka hapa kwa Kikumi. Mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa na kikapu cha dagaa akacheka mpaka akakaa chini.

Akajiinua, akaenda upande wa kushoto. Nikakimbia kumsaidia, nikaushika mlango, nikauinua kama kawaida ndipo nikauvuta. Ulifunguka kwa wepesi hata nikayumba. Kijana ameshabadilisha kitasa. Hata hakuniambia.

Jioni nilimpelekea hesabu yake kamili. Akahesabu, nikahesabu, tukarudia. Hadi leo naandika haya hatujapewa tarehe nyingine, na Jumanne na Jumamosi mimi ndiye ninayeendesha. Mkono wangu bado unauinua ule mlango kwanza.