Kutengeneza Turubai Lililochanika Kabla ya Msimu wa Korosho

Katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, msimu wa kuokota korosho hukutana na mvua za vuli, zinazonyesha kati ya Oktoba na Desemba. Korosho huanikwa juani siku mbili au tatu, na wingu likitanda ghafla, turubai ndilo kinga ya mkulima. Korosho zilizolowa huota ukungu na kokwa zake hubadilika rangi. Zikishushwa daraja ghalani, anayepunguziwa malipo ni mwanachama. Tundu la upana wa kidole laweza kuharibu gunia zima.

Maelezo haya yanahusu turubai la kitambaa cha pamba. Turubai la plastiki halifai kushonwa, kwani sindano huliongezea matundu. Hilo huzibwa kwa utepe wa gundi, pande zote mbili.

Kwanza, turubai lisuguliwe kwa brashi na maji matupu, kisha likaushwe kabisa. Sabuni isitumiwe, kwa sababu huondoa dawa inayozuia maji. Watu wawili walishike kuelekea jua ili kila tundu lionekane na lizungushiwe chaki. Kitambaa kinachopasuka kikivutwa kwa vidole kimekwisha kuoza, nacho hakishiki uzi. Turubai la namna hiyo lisitengenezwe, bali sehemu zake nzima zikatwe ziwe viraka.

Pili, kiraka kiwe cha kitambaa cha aina ileile, kilizidi tundu kwa sentimita 5 kila upande baada ya kukunjwa pindo. Nyuzi zake zielekee sawa na nyuzi za turubai, la sivyo kitavuta upande mmoja na kuleta mpasuko mpya. Pembe zikatwe kwa mviringo, maana pembe kali ndiyo huanza kubanduka.

Tatu, kiraka kiwekwe upande wa nje, kishikizwe kwa bandi, kisha kishonwe kwa shazia mistari miwili: mmoja ukingoni mwa kiraka, wa pili kuzunguka tundu lenyewe. Uzi uwe wa pamba, uliopakwa nta ya nyuki. Uzi huo ukilowa huvimba na kuziba tundu la sindano, jambo ambalo uzi wa nailoni haufanyi. Mishono isikazwe mno wala isibanane mno, isije ikakata kitambaa.

Mwisho, nta isuguliwe juu ya mishono, ndani na nje, na turubai liachwe juani mpaka nta ilainike na kuingia katika nyuzi. Kisha limwagiwe maji na kuangaliwa kwa chini. Panapovuja paongezwe nta.

Turubai lililotengenezwa vema huharibika tena upesi likikunjwa bichi au likiburutwa juu ya visiki. Likaushwe kwanza, likunjwe, na liwekwe juu ya chaga, mbali na sakafu yenye unyevu na njia za panya.

Makatibu wa vyama wanashauriwa kukagua maturubai yote mwezi Septemba, na kuandika katika daftari la mali hali ya kila moja, tarehe ya matengenezo na jina la aliyelikopa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Shazia, uzi na nta vinunuliwe mapema, kwa kuwa mvua ikishaanza, hakuna tena jua la kukaushia turubai wala korosho.