Je, Mashine Ghali ya Kusomea CD Huleta Sauti Bora?

Mwezi Oktoba 1982 kampuni ya Sony ilianza kuuza huko Japani mashine ya kuchezea CD, sahani ambazo ilizibuni pamoja na Philips ya Uholanzi. Baadaye katika miaka hiyo, baadhi ya watengenezaji walianza kukigawa chombo hicho mara mbili: kasha moja la kuisoma CD, na jingine, yaani kigeuzi, la kuyageuza yaliyosomwa kuwa sauti. Kasha la kusomea peke yake laweza kuuzwa kwa maelfu ya dola. Mwenye familia, kabla hajafungua mkoba, hana budi kuuliza fedha hizo zanunua kitu gani.

Yafaa ieleweke kwanza kuwa CD haibebi sauti kama santuri. Katika santuri, kila mtikisiko wa sindano huwa sauti. Ndiyo maana sindano mbovu husikika mara moja. CD hubeba tarakimu. Sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na vipimo hivyo huandikwa katika vishimo vidogo mno ambavyo husomwa kwa mwanga wa leza. Mashine ya kusomea ni mfano wa tarishi aliyekabidhiwa barua: avae viatu vya bei kubwa au makubazi, maneno ya barua ni yale yale.

Na mikwaruzo je? Pamoja na muziki huandikwa tarakimu za ziada, hata pengo la milimita 2.5 hivi katika njia ya leza laweza kujazwa kamili. Pengo likizidi hapo, mashine hukisia kilichopotea. Likizidi mno, muziki hukatika au hurukaruka. Hizo ndizo dalili za mashine mbovu. Si dalili yake kwamba ngoma imepungua uzito, wala kwamba mwimbaji amepoteza utamu wa sauti.

Hata hivyo, liko jambo moja lenye ukweli ndani yake. Tarakimu sahihi hazina budi kugeuzwa kwa wakati wake, kama hatua za askari katika gwaride. Mashine ikizipeleka kwa mwendo usio sawa, na kigeuzi kikaufuata mwendo huo bila kuurekebisha, sauti yaweza kuchafuka kidogo. Lakini kigeuzi kilichoundwa vema huziweka tarakimu akibani kwa kitambo, kisha huzitoa kwa mwendo wa saa yake chenyewe. Mwenye kigeuzi cha namna hiyo hana haja ya kununua mashine ghali ya kusomea.

Mbona basi watu waaminifu husema wamesikia tofauti? Wahenga walinena, kipya kinyemi ingawa kidonda. Macho yakiona kasha zuri, na akili ikikumbuka bei yake, sikio nalo hushawishika. Tena, chombo kinacholia kwa nguvu zaidi kidogo tu hudhaniwa kuwa bora.

Lipo jaribio la haki liwezalo kufanyika nyumbani. Mashine mbili ziunganishwe na kigeuzi kimoja, CD mbili za muziki ule ule ziwekwe, na kipimo cha sauti kisiguswe. Mtu mmoja akae nyuma ya pazia, arushe sarafu, na kuchagua mashine kwa kufuata sarafu hiyo. Msikilizaji aandike ni ipi inayolia, mara 16. Akipata 8 hivi, amebahatisha. Akipata 12 au zaidi, yaelekea kweli ameisikia tofauti.

Mwenye fedha ya ziada afikirie kwanza spika, kwani hapo tofauti husikika wazi, na chumba chenyewe, ambacho zulia na mapazia hupunguza mwangwi wake. CD ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kuelekea ukingoni, si kwa kuzungusha, maana mkwaruzo unaofuata njia ya leza huharibu tarakimu nyingi mfululizo. Mashine ya kawaida inayoisoma CD safi bila kuruka imekwisha timiza wajibu wake, na karo ya watoto isiguswe kwa ajili ya kuibadilisha.