Mkojo Unaoponyoka kwa Kikohozi

Mkojo unaomponyoka mtu anapokohoa, kupiga chafya, kucheka au kujitwika ndoo ya maji una alama yake: hutoka papo hapo, hata matone machache tu, bila haja kutangulia. Ndipo ulipo utambuzi. Anayebanwa ghafla na kujilowesha kabla hajafika chooni ana tatizo jingine, ingawa yote mawili huweza kumpata mtu mmoja. Anayevuja mchana na usiku bila kukoma, hasa baada ya uchungu wa kujifungua wa muda mrefu, achunguzwe upesi fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke.

Wapo wasemao kuvuja kwa kikohozi ni kawaida ya aliyezaa. Kweli, uzazi hulegeza misuli inayoshikilia kibofu na inayoubana mrija wa mkojo. Lakini inaniuma kuona ukawaida huo ukigeuzwa sababu ya kunyamaza, ilhali daktari Arnold Kegel wa Marekani alieleza mazoezi ya kukaza misuli hiyo tangu 1948, na leo hushauriwa kwa angalau miezi 3 kabla ya kufikiria upasuaji. Wala tatizo hili si la wanawake pekee: wanaume waliotolewa tezi dume hulipata pia.