Umenunua Iafoni za Plana? Pima Hivi Kabla Useme Umechezwa

Msee wangu wa Matulo, kama umetoa chapaa ukanunua iafoni za plana halafu unasikia besi imehepa, usikimbilie kusema umeuziwa feki. Cheki kwanza vile zimekaa kwa sikio.

Iafoni nyingi za kawaida husukuma hewa kwa koni ndogo yenye koili. Plana ina utando mwembamba wenye waya bapa, uko karibu na sumaku, na hutetemeka wote kwa pamoja. Ndiyo maana sauti inaweza kutoka safi hivyo. Lakini kiraba kikiacha mwanya, besi inatorokea hapo.

Jaribu saizi zote za viraba. Kikikaa poa, kelele ya nje inapungua, na hata ukitafuna hakichomoki. Kisha weka ngoma ya litungu unayoijua: kila uzi usikike peke yake. Ukipandisha hadi mwisho na bado sauti iko chini, huenda simu yako haina nguvu ya kuzisukuma.

Mbona ujisumbue? Ndani ya mathree ya Kitale, iafoni zisizoziba zitakufanya uongeze sauti tu. WHO inashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, ni saa 4 pekee. Kiraba utanunua kingine. Sikio halina spea.