Msomi wa Mara na lugha zake tatu

Kijana wa Kiabakari, mkoani Mara, anapofika chuo kikuu huwa na lugha tatu. Nyumbani amelelewa kwa Kizanaki, Kiikizu au Kijita. Shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili. Tangu kidato cha kwanza karibu kila somo ni kwa Kiingereza. Akifaulu vizuri na kubakizwa chuoni afundishe, lugha ya mhadhara ni hiyo ya tatu, isipokuwa awe anafundisha Kiswahili chenyewe.

Jirani yake wa Butiama alitangulia njia hiyo. Mwaka 1934 Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito, alianza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12. Alipita Tabora na Makerere, akapata shahada ya M.A. Edinburgh mwaka 1952, akarudi kufundisha Pugu. Kiingereza alikimudu, lakini akiwa Rais alikaa chini akatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitegemea mwaka 1970, Mkuu wa Chuo wa kwanza alikuwa yeye, na Idara ya Kiswahili ikaanza mwaka huohuo.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alifundisha katika idara hiyo. Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoimaliza Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, ilihusu falsafa ya Afrika na aliiandika kwa Kiingereza. Falsafa hiyo aliiingiza pia katika riwaya zake za Kiswahili, Nagona na Mzingile. Anayezisoma hawezi tena kudai kwamba Kiswahili hakibebi fikra nzito.

Simama nje ya ukumbi wa mihadhara kipindi kinapoisha. Wanafunzi waliokaa kimya saa nzima wanamzunguka mhadhiri. "Mwalimu, pale mwisho sijaelewa." Anajibu kwa Kiswahili, anachora kwa kidole juu ya daftari, na ubishi mzuri unazuka. Ubishi huo ndio elimu ya juu, nao unastahili kuwa ndani ya ukumbi.

Kiingereza kiendelee kufundishwa, tena vizuri. Lakini mwanafunzi aruhusiwe kujibu mtihani kwa Kiswahili, na mhadhiri afundishe kwa lugha hiyo bila kuonekana amepungukiwa. Butiama leo ina chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere. Mkulima wa mihogo wa Kiabakari anastahili utafiti anaoweza kuusoma mwenyewe, na kuubishia.