Kodineti za Nizi na nusu mita ya kila kilomita

Msafiri wa mashariki mwa Kongo anayetoka Goma kwenda Bunia kwa kupitia Butembo huvuka mistari miwili isiyo na bango wala kizuizi. Wa kwanza ni ikweta, kusini kidogo mwa Butembo. Wa pili ni longitudo ya nyuzi 30 mashariki, kati ya Komanda na Bunia. Abiria hana habari nayo, lakini mpima ardhi akisahau mmojawapo, kazi yake yote inahamia mkoa mwingine.

Gridi ya UTM, inayotumiwa na karibu programu zote za upimaji na usanifu, huigawa dunia katika kanda 60, kila moja ikiwa na upana wa nyuzi 6. Ndani ya kanda, nukta hupewa namba mbili za mita: ya mashariki na ya kaskazini. Mstari wa katikati ya kanda hupewa 500,000 ili pasiwe na namba hasi. Kaskazini mwa ikweta hesabu huanzia sifuri. Kusini mwake ikweta yenyewe huitwa 10,000,000. Kwa mpangilio huo Goma iko kanda ya 35 Kusini, Butembo 35 Kaskazini, na Bunia 36 Kaskazini. Nizi, kwenye ardhi ya dhahabu ya Kilo, iko 36 Kaskazini pia, takribani 200,000 mashariki na 190,000 kaskazini.

Zichukue namba hizo, uiambie programu kwamba ni kanda ya 35. Itakubali bila kunung'unika, na Nizi itatua katika misitu ya kaskazini-magharibi ya Kisangani, zaidi ya kilomita 600 kutoka ilipo. Ukichagua 36 Kusini, itakwenda karibu na Ncha ya Kusini, kwenye barafu. Makosa ya aina hii yana heri yake: yanaonekana mara moja. Yanayosumbua ni madogo.

Saiti huwa na lugha yake. Fundi hupigilia kigingi, akakiita 1,000 na 1,000, akaelekeza mhimili wake sambamba na barabara au mwamba wa dhahabu, kisha akapima kila kitu kwa utepe au kwa mashine ya mwanga. Hizo ni kodineti za saiti, na zina sifa moja kubwa: umbali uliomo kwenye mchoro ndio umbali ulioko ardhini. Gridi haiwezi kuahidi hivyo. Dunia ni mviringo na karatasi ni bapa, kwa hiyo urefu hubanwa mahali fulani na kunyoshwa kwingine. Katikati ya kanda kilomita moja huandikwa mita 999.6. Kadiri unavyosogea pembeni, upungufu unakwisha, kisha ziada inaanza.

Nizi iko pembeni kabisa. Katikati ya kanda ya 36 ni longitudo 33, inayopita Uganda magharibi kidogo ya Jinja, karibu kilomita 300 kutoka Nizi. Kwa umbali huo namba ya skeli ni takribani 1.0007, yaani kilomita moja inakuwa mita 1,000.7. Hapo bado hujahesabu mwinuko. Gridi huhesabu kana kwamba umesimama usawa wa bahari, na mstari uliopimwa juu mlimani ni mrefu kuliko ule ulio chini yake. Chukua mwinuko wa mita 1,400: unakata sentimita 22 kwa kila kilomita. Ukijumlisha yote mawili, kilomita ya ardhini Nizi inasomeka karibu mita 1,000.5 kwenye gridi.

Kampala nayo iko kanda hiyohiyo ya 36 Kaskazini, lakini karibu na katikati. Huko mwinuko na skeli vinavuta upande mmoja, na kilomita ya ardhini inasomeka takribani mita 999.44. Mhandisi anayevuka mpaka na faili lake la Kampala, lenye namba ya skeli iliyokwisha kuhifadhiwa, atakuwa amekosea zaidi ya mita moja kwa kila kilomita, na kanda ataiona ni sahihi. Kwenye daraja la chuma la mita 40 hizo ni sentimita 4, na matundu ya boliti hayakutani.

Sasa mtego ninaouona mbaya kuliko yote. Mtu amejua kuwa uwiano wa gridi na ardhi pale Nizi ni 1.0005, basi anagawanya kodineti zote za gridi kwa namba hiyo ili apate umbali wa ardhini. Umbali unatoka sawa. Lakini amepunguza kuanzia sifuri ya gridi, iliyo mbali sana, kwa hiyo nukta iliyokuwa 200,000 na 190,000 imesogea kama mita 100 magharibi na mita 95 kusini. Namba bado zina sura ya UTM. Atakayezipokea mwezi ujao atazichora juu ya picha ya setilaiti, na shule iliyomo kwenye mchoro itaangukia shambani kwa jirani.

Dawa yake ni kuchagua nukta moja katikati ya saiti, ikabaki palepale, na skeli ifanyike kuizunguka. Baada ya hapo ondoa tarakimu za mbele, au ipe nukta hiyo namba fupi kama 5,000 na 5,000, ili asiwepo wa kudhani ni gridi. Programu ya Civil 3D ina sehemu ya kujaza haya yote: nukta ya rejea, mwinuko, namba ya skeli na pembe ya mzunguko. Programu nyingine huomba nukta zinazojulikana katika mifumo yote miwili, kisha zikayatafuta hayo zenyewe. Nukta mbili zinatosha kwa hesabu, lakini hazikuonyeshi kosa. Zipime nne, zizunguke saiti, uangalie mabaki ya kila moja.

Pembe nayo isisahaulike. Kaskazini ya gridi pale Nizi inatofautiana na kaskazini halisi kwa karibu dakika 5, sawa na mita 1.4 kwa kilomita. Ni kidogo kwa sababu ikweta iko jirani, lakini Sheria ya Madini ya Kongo ya 2002 inagawa vibali kwa miraba ya hekta 84.955 yenye pande zinazofuata kaskazini na mashariki halisi. Mchoro wa mgodi uko katika kodineti za saiti, mipaka ya kibali iko katika nyuzi na sekunde, na gridi ndiyo daraja kati yao. Shimo lililochorwa ndani ya mpaka kwa mita moja linaweza kuwa nje.

Na kuna datamu, yaani msingi wa rejea ambao kodineti zinahesabiwa juu yake. Ramani za zamani za Uganda zimejengwa juu ya Arc 1960, iliyotokana na upimaji mrefu wa meridiani ya 30 uliobuniwa na mwanaastronomia David Gill mwaka 1879 na kukamilika 1954. GPS inatumia WGS84. Kati ya hizo mbili namba ya kaskazini inatofautiana kwa karibu mita 300, na programu haiwezi kubahatisha ipi ni ipi. (Mstari uliopimwa kwa miaka mingi hivyo ndio leo ukingo wa kanda mbili, ingawa waliochora UTM hawakuwa na habari na Komanda.)

Kwa hiyo mchoro usioandika datamu, kanda, namba ya skeli, pembe na nukta iliyotumika usiupokee, hata kama mistari yake inapendeza. Mrudishie aliyeuleta akajaze.